Shomoro Aliyenyamazisha Sufuria

Hapo zamani za kale, na asiyeamini ainuke sasa aende zake, nafasi yake nitanyooshea miguu. Historia ya China na Japani mimi naijua yote, kasoro majina ya watu, miaka, na mambo yaliyotokea. Shule niliiacha darasa la sita, kabla haijaniharibu. Kwa hiyo kaeni msikilize. Mkiona nadanganya nyoosheni mkono, nami nitajifanya sijaona.

Basi, upande wa China palikuwa na kijiji cha wanyama wakulima wa mpunga. Mkuu wake alikuwa Nyati, mnyama mpana kiasi kwamba akipita mlangoni, mlango ndio unaoomba radhi. Chini ya paa la ghala aliishi shomoro aitwaye Fei, na mkewe Lan, na makinda wanne wasioshiba. Fei alikuwa mdogo kama kiazi, lakini ukimsikia akijisifu ungedhani mpunga wote wa bonde lile kaupanda yeye.

Mwaka huo mavuno yalipungua. Nyati akaita mkutano akatangaza kwamba mwizi amejulikana, ni shomoro. Kumkamata haiwezekani kwa kuwa anaruka, basi asiachwe atue. Kila mnyama achukue sufuria yake aipige tangu jua linapochomoza hadi linapozama, mpaka shomoro wachoke na kuanguka wenyewe.

Kesho yake ikaanza. Ngwa, ngwa, kwangarakwanga! Mama Nguruwe kapanda juu ya paa na karai, Mbuzi kasimama kisimani na vifuniko viwili. Fei akijaribu kutua mtini, ngwa. Akijaribu ukutani, kwangarakwanga. Siku ya kwanza aliwacheka, akawaambia mbawa zake zinaweza kuizunguka dunia mara mbili. Siku ya pili akasema mara moja. Siku ya tatu akaanza kuyumba hewani.

Kule ghalani Lan alikuwa amewafunika makinda kwa kifua chake, na hawajala tangu juzi. Fei akitua pabaya, kwisha. Asipotua, kwisha vilevile, na wale wanne nyuma yake. Akatupa macho chini, akaona mahali pamoja tu ambapo hakuna atakayethubutu kupiga: pembe ya Nyati. Akatua hapo, pu.

Wanyama wote wakaganda, sufuria zikiwa hewani.

"Bwana Mkubwa," Fei akasema, "kabla sijafa, nina habari za ng'ambo."

"Sema, halafu ufe. Tuna kazi hapa."

"Kuna Kima kule Japani, anaitwa Kenta. Kajenga tanuri uani kwake, anayeyusha chuma. Anasema mwakani atakuwa mkubwa kuliko wewe."

"Kima? Namfunika kwa kwato moja."

"Ndivyo nilivyomjibu mimi. Akaniuliza, na chuma cha huyo Nyati wako kiko wapi? Hapo, Bwana Mkubwa, nikaruka nikaja zangu. Niliona aibu kwa niaba yako."

Nyati akapumua kwa nguvu, Fei nusura apeperuke. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Akaliona karai la Mama Nguruwe. Akaviona vifuniko vya Mbuzi.

"Chuma si hiki hapa!" akanguruma.

Jioni ile ile kila ua ukawa na tanuri la udongo. Zikaletwa sufuria, makarai, miiko, hata bawaba za milango. Mama Nguruwe akalikumbatia karai lake akauliza atapikia nini. Nyati akamwambia wiki ijayo watu watakula ushindi. Mama Nguruwe akauliza ushindi unaliwa na mboga gani, lakini karai lilikuwa limeshatumbukizwa.

Kukawa kimya. Fei akalala chali barazani mwa ghala, miguu juu, anakoroma. Alipoamka akaona mpunga wa msimu wa pili umeiva, unadondoka shambani, maana wavunaji wote wako kwenye matanuri wanapuliza moto. Akawabebea makinda mpaka wakavimba. Shomoro hapiki, anakula mbichi. Wenye shida walikuwa wengine.

Matanuri yalipopoa, kilichotoka si chuma bali madonge meusi yenye matundu, kama andazi lililodondoka majini likaokotwa. Nyati akaligonga moja kwa kwato, pwaa, likapasuka.

Haikupita miaka mingi, Kima Kenta mwenyewe akaja kutembea. Akainama kwa heshima, akauliza kama hayo madonge yana mwenyewe.

"Si wewe uliyesema utakuwa mkubwa kuliko mimi?" Nyati akamtolea macho.

"Mimi? Wala sikuwa na habari, mzee wangu. Ila sasa umenifungua macho."

Akayabeba madonge yote, akayayeyusha upya kwao, akarudi na sufuria zinazong'aa, zenye mikono na vifuniko, akazibadilisha kwa mpunga. Nyati akainua uso amtafute Fei. Fei akampungia bawa kutoka juu ya paa. Na sufuria za bei ile, nani atazipiga? Ikabidi Nyati awapeleke ndama wake kwa Kima wakajifunze kazi, na walipoijua, waliijua kweli. Nendeni jikoni kwenu, mgeuze sufuria msome chini.

Funzo ni hili: mkubwa anayeogopa kupitwa na jirani, hata mdogo anaweza kumfanya ayeyushe chungu chake mwenyewe.

Mbona mnanitazama hivyo? Haya, kuna sehemu nimeiruka. Fei hakusema yale maneno. Aliangukia pale kwenye pembe ya Nyati amefumba macho, pumzi imekata, anamlilia mama yake: "Chu... chu... ma... ma..." Nyati, masikio yamemziba kwa kelele za siku tatu, akasikia chuma. Ya Kima alijijazia mwenyewe, maana usiku na mchana alikuwa akimwaza.

Fei alipozinduka barazani, sufuria zilikuwa zimeshakuwa uji. Akamuuliza mkewe kumetokea nini.

"Umeshinda," Lan akamwambia. "Sasa funga mdomo."

Akashindwa kuufunga. Ndivyo hadithi ilivyonifikia mimi.