Kaputeni wa Lundo na Waya za Meno

Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa na shida na kitanda cha mtu. Walimaanisha kwamba anayekitaka kitu kilicho mbali na mkono wake hana budi kushusha kichwa na kuchafua magoti, hata kama watu wanamcheka kwa nyuma. Kuinama ni kazi ngumu kwa yeyote. Kwa kaputeni wa mganda ni ngumu maradufu, na anayebisha hajawahi kuwaona vijana wetu wa Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, wakicheza.

Mganda ni ngoma ya nidhamu. Vijana hujipanga safu kama askari, kaptura nyeupe, soksi hadi magotini, kitana katika mfuko wa shati. Kila mmoja hushika lipenga, yaani parapanda ya vipande vya vibuyu iliyoungwa kwa nta na kuzibwa tundu kwa utando wa buibui. Mchezaji akiimba ndani yake, utando hutetema na sauti husikika hadi ziwani. Mbele ya wote husimama kaputeni, na kaputeni wetu alikuwa Aidan, fundi cherehani, kijana nadhifu ambaye hata nzi alifikiri mara mbili kabla ya kutua juu yake.

Pamoja na sifa zote hizo, Aidan alikuwa na donda moyoni. Meno yake ya mbele yalipandana, mengine yakichungulia nje, mengine yakijificha nyuma ya wenzake. Alicheka kiganja kikiwa mdomoni, na mteja akimsemesha aliinamia cherehani. Alilipenda lipenga kwa sababu lilimfunika kinywa. Ngoma ikiisha, desturi humtaka kaputeni ashushe lipenga na kuwasemesha wageni. Kila mwaka Aidan alimsukuma mwenzake aseme, kisha akarudi nyumbani akijionea haya.

"Mwaka huu sitaki mchezo huo," alisema Mzee Cleopa, mkuu wa kikundi, baada ya Pasaka. "Mashindano yako Mbamba Bay mwezi wa tisa. Kaputeni atasema kwa kinywa chake mwenyewe. Asiyeweza, safu ya nyuma ina nafasi."

Maneno hayo yalimchoma Aidan. Juma lililofuata alipanda mlimani hadi Mapera kwa shangazi yake Aurelia, mwanamke wa kahawa na maneno makavu, aliyekuwa akimsihi tangu zamani akamwone daktari wa meno pale Mbinga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Leo umekuja kwa miguu yako au umetumwa?"

"Nimekuja, shangazi. Nataka hayo meno yanyooshwe."

Aurelia alipiga kigelegele peke yake jikoni.

Kule Mbinga, Daktari Jacqueline hakuwa na haraka. Kwanza aliyasafisha meno, akaziba lililotoboka, akang'oa mawili ili wenzake wapate pa kusogea. Akamng'atisha kinyunga baridi, laini kama unga uliokandwa, kilichochukua sura ya meno yote. Kahawa ilipoanza kuiva mashambani, akambandika vidude vya chuma, kimoja juu ya kila jino, na kupitisha waya katikati yake.

"Usile vigumu," alimwonya. "Mahindi ya kuchoma, miwa, dagaa usipa wa kukaanga, yote sahau kwa sasa. Vyuma vikikuchoma mdomo, funika kwa nta hii niliyokupa. Na lipenga lipumzishe hadi vidonda vipone. Ukianza, anza polepole kama mtoto."

Kama mtoto! Neno hilo kaputeni hakulipenda hata kidogo.

Siku za kwanza zilikuwa chungu kama shubiri. Mdomo ulivimba. Mama yake, Emerensiana, alimpondea samaki aina ya mbasa katika mchuzi na kumkorogea uji, huku akimtania: "Nilidhani nimemaliza kulea." Hata kazi ya cherehani ilimgomea, kwa maana alizoea kubana pini kwa meno, na sasa pini zilinasa kwenye waya. Lakini lililomnyima usingizi ni habari kwamba Glorious, kijana mwenye pumzi kama mvukuto, alikuwa akifanya mazoezi mahali pake mbele ya safu.

Aidan alishindwa kuvumilia. Alijificha nyuma ya nyumba na kuimba ndani ya lipenga. Lo! Vyuma vilimchana midomo, na lipenga likatoa sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni. Alifunika vyuma kwa nta, akaimba tena, na tena, hadi nta ya daktari ikaisha. Kumpigia simu Daktari Jacqueline aliona ni aibu. Akatazama lipenga lake, akaona pale vibuyu vilipoungwa kuna nta tele. "Nta ni nta," alijisemea. Akabandua kipande, akakilainisha kwa vidole, akakipachika juu ya vyuma.

Kila mtoto wa Lundo anajua kwamba nta ya lipenga huchanganywa na ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Aidan alijua pia, lakini kiburi kilimziba macho. Mdomo wa juu ulinata kwenye waya. Mama yake alimkuta akinguruma tu, machozi yakimtoka. Walipoubandua kwa mafuta ya kupikia na subira, vidude viwili vya chuma vilitoka na nta yake.

Akapanda tena Mbinga, kiganja kikiwa mdomoni. Daktari Jacqueline alitazama, akanusa, akauliza hiki ni kitu gani. Aidan alieleza yote bila kuficha. Daktari alicheka hadi akavua miwani, kisha akarudisha vidude mahali pake.

"Sasa utaanza kama mtoto?" aliuliza.

"Nitaanza, daktari."

Akaanza kweli. Jumamosi iliyofuata, mbele ya kijiji kizima, alimkabidhi Glorious kitambaa chekundu cha kaputeni, akaenda safu ya nyuma kabisa, walipo watoto wanaojifunza. Alikuwa mrefu kati yao kama mnazi shambani mwa karanga. Watu walinong'ona, wengine wakacheka waziwazi. Yeye aliimba wimbo wa wanagenzi pamoja nao, taratibu, akitafuta upya mahali pa kuweka midomo. Alikosea, mtoto wa jirani akamsahihisha, naye akamshukuru. Ilimuuma sana, lakini kila Jumamosi alirudi. Vidonda vikapona, na sauti ikaanza kutoka pana, yenye utulivu ambao zamani haikuwa nao.

Kabla ya mashindano, Mzee Cleopa alikaa akiwapa mgongo wachezaji, akaagiza waimbe mmoja mmoja. Aliposikia lipenga la mwisho, aliinua mkono.

"Huyo. Nani huyo?"

"Ni Aidan wa safu ya nyuma," alijibu Glorious, akakifungua kitambaa chekundu mwenyewe na kumfunga mwenzake begani. Namsifu kijana huyo.

Siku ya Mbamba Bay, Lundo waliingia uwanjani weupe pe! Vumbi lilitimka, malipenga yakanguruma, na akina mama wakashindwa kukaa. Ngoma ikakoma. Aidan alishusha lipenga taratibu, na kwa mara ya kwanza mbele ya halaiki ile akaacha kinywa chake wazi. Jua likamulika chuma tupu.

"Ana kengele za baiskeli mdomoni!" mtu alipiga kelele, na uwanja ukaangua kicheko.

Aidan naye akacheka, mdomo mzima, mikono ikiwa imetulia ubavuni.

"Ni kweli, ndugu yangu," alisema kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Ni vyuma, na bado nina safari navyo. Mimi ni Aidan, fundi cherehani, kaputeni wa Lundo. Hawa ni wenzangu. Mliyoyasikia tumejifunza kuanzia safu ya nyuma."

Emerensiana alipasua umati kwa vigelegele, Aurelia aliyeshuka kutoka Mapera akampokea, na Mzee Cleopa akatoa leso na kusingizia vumbi. Tulishika nafasi ya pili, na waamuzi wanajua wenyewe walikuwa wakitazama wapi. Sisi tulirudi Lundo vifua mbele, maana kombe letu lilikuwa limesimama uwanjani likicheka bila kujifunika. Meno ya Aidan bado hayajanyooka sawasawa, lakini kiganja chake hakijapanda tena mdomoni. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.