Mkaja wa Mwajabu

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale, maana hii si hadithi ya kubembelezea mtoto.

Palikuwa na wanawake watatu katika mtaa mmoja kule Pangani. Bi Siwema, jirani, alijaliwa wepesi wa miguu. Shangazi Mwanakombo alijaliwa mkono wa kutoa. Chausiku, mama wa kambo, alijaliwa roho ngumu, na kwa hiyo hakupendwa na mtu.

Wote watatu walikuwa wakimlea mtoto mmoja, Mwajabu, aliyefiwa na mama yake. Siku moja jiko la mafuta ya taa lililipuka naye yumo jikoni. Siwema aliruka ua, akaingia motoni, akamtoa. Mkono wa kulia ulikuwa umebabuka kuanzia bega hadi kiganja.

Hospitali wakasema kidonda kikikaa wazi mtoto atakufa. Mwanakombo akapandisha kanga: "Chuneni paja langu." Wakamchuna. Ngozi ile haikudumu, ilibanduka baadaye, lakini ilimfunika mtoto mpaka mwili wake ukapata nguvu ya kuotesha yake.

Mnadhani yakaisha? Thubutu! Daktari akawaonya: "Mwilini mna chembe hai ambazo kazi yake ni kuunga. Ndizo zilizomuunga huyu tumboni mwa mama yake, ngozi na nyama na mfupa. Pakiwa na jeraha, hurudi kushona. Lakini kwa moto mkubwa hivi hazijui kuacha. Asiponyooshwa mkono kila siku, zitashona na kuvuta mpaka kiwiko kikunjike kisikunjuke tena."

Basi kila asubuhi Chausiku alimpaka mafuta, akaukamata ule mkono, akaunyoosha. Mtoto anapiga mayowe, yeye anavuta. Majirani wakamwita mchawi. Siwema alimtukana dirishani, Mwanakombo akamnyima salamu. Miaka ikapita, mkono ukanyooka, na Mwajabu hakumwita Chausiku mama hata siku moja.

Sasa Mwajabu anaolewa. Upande wa mume wameleta mkaja, kitambaa cha kumshukuru mama wa bibi harusi. Kwao desturi ni bibi harusi amfunge mama huyo kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, mbele za watu.

"Bila mimi mngezika jivu," alisema Siwema.

"Nyama yangu ndiyo iliyomfunika," alijibu Mwanakombo. "Tena mimi ndiye damu yake!"

Chausiku alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi si kitambaa ninachokitaka. Naomba anifunge na kuniita mama, leo tu."

Mwajabu akamtazama. "Moto uliniunguza siku moja. Wewe ulinitesa kila siku."

Chausiku akalia mbele ya wote, yeye ambaye hapana aliyewahi kuliona chozi lake.

Mwajabu amesimama, mikono yote miwili imenyooka, kitambaa kimetanda kati yake. Ni kimoja na hakikatwi, na kila mmoja wa wale watatu ameapa kwamba akikikosa hatamkanyagia tena mlango.

Haya, nyie mahodari wa kuhukumu watu: kama ni wewe umekishika, ungemfunga nani, na ungewatazama vipi wawili waliobaki?