Fisi na Zamu za Kisima

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Nyika nzima ilibakiwa na kisima kimoja, na Simba, asiyekosa kujipa cheo, akajitangaza Bwana Kisima. Akaweka sheria: kila mnyama atakunywa mara moja kwa siku, na zamu ni mali ya mwenyewe, amtakaye ampe. Yeye Simba, bila shaka, hakuhitaji zamu.

Sungura aliposikia "amtakaye ampe" alitabasamu. Kesho yake alikuwa ameketi kando ya kisima na vifuu vitatu na kokwa moja ya ukwaju.

"Kokwa iko chini ya kifuu kipi?" alinadi huku akivizungusha. "Ukipata, zamu yangu yako. Ukikosa, yako yangu."

"Hiki!" Fisi alidakia, vifuu havijatulia bado.

Hakikuwa na kitu.

"Pole, mjomba! Ilikuwa jirani tu," alisema Sungura, shavu moja limemvimba kidogo.

"Tena!"

Fisi hakuomba hata mara moja kuoneshwa vifuu vingine, kwa kuwa tayari alikuwa anachagua kingine. Kufikia adhuhuri Fisi alikuwa ameliwa zamu yake, ya mkewe, na za watoto wake wawili, zote mpaka mvua inyeshe.

"Nilikaribia sana," alimwambia mkewe.

"Kukaribia hakujazi kibuyu, Baba Chonge! Watoto wamelamba umande. Ulimi wa Chonge umepasuka."

"Ndiyo maana kesho nakwenda kuzirudisha zote!"

Wakati huo Sungura alikuwa anaoga. Alisugua hata masikio, na hayo unayajua urefu wake.

Mama Chonge alilia kwa uchungu, kisha akamwendea jirani yao Kobe, ambaye hufikiri kabla ya kupiga chafya.

"Shemeji, wanangu wanakauka."

Kobe alifika kisimani siku ya pili yake. Akaweka zamu yake dhidi ya zote alizoliwa Fisi. Sungura akacheka, akazungusha vifuu, akavituliza.

"Haya, chagua!"

Kobe akavitazama.

"Chagua, bwana!"

"Usinihimize, mjukuu wangu. Natazama."

"Cha kushoto! Cha kulia! Chochote!" alipiga kelele Fisi huku akirukaruka. Kobe hakugeuka.

Jua likapanda. Sungura akaanza kutoka jasho. Kokwa ile ilikuwa shavuni mwake, bado ina nyama ya ukwaju, na uchachu wake ukamjaza mate. Alijaribu kuyameza kimyakimya, yakampalia. Alikohoa kikohozi kimoja kikubwa, na kokwa ikaruka ikatua puani pa Simba aliyelala kivulini.

Simba aliamka. Alitazama kokwa, akafunua vifuu vyote vitatu, vyote vitupu. Wanyama wakaguna kwa hasira.

"Wizi mbele ya pua yangu!" alinguruma Simba, ambaye siku zote alikuwa amelala hapohapo. "Sungura, hutakunywa kisimani hapa mpaka mvua. Lamba umande! Zamu za mke na watoto wa Fisi atazishika mkewe. Wewe Fisi utarudishiwa yako tu."

Mama Chonge hakungoja kusikia zaidi. Aliwasukuma watoto kisimani, wakanywa mpaka matumbo yakawabana.

Fisi alikuwa bado anarukaruka. "Mfalme, nabisha!" aliropoka. "Utabadili neno lako kabla jua halijazama! Naweka zamu yangu ya kesho! Nani anakubali?"

Kobe, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa haraka, alijibu papo hapo:

"Mimi."

Simba hakubadili neno. Kesho yake Kobe alikunywa mara mbili, taratibu, funda moja baada ya jingine, na Fisi amesimama pembeni ulimi nje.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.