Ukoka wa Mzee Kalokola

Wala si zamani, ni kiangazi cha juzijuzi tu, Nyamizi alipoanza biashara ya kumwagilia bustani mjini Dodoma. Alikuwa na mipira mirefu yenye vitundu vya kurushia maji, lakini mteja hana. Akabisha hodi kwa Mzee Kalokola, mkurugenzi mstaafu, ambaye ukoka wake mpana ulikuwa umekauka kau.

"Pesa sikupi, binti," alisema Mzee. "Nakupa jina. Mwagilia miezi miwili bure. Majirani zangu ni wakubwa watupu, wanakaa maghorofani. Ukoka wangu utakutangaza."

"Ukoka wenyewe, Mzee?"

"Wenyewe!"

Nyamizi akaitandaza mipira yake, akaipindapinda huku na kule, akafungulia maji. Wiki ya sita Mzee akatoka barazani amenuna.

"Mbona unaota vipande vipande?"

"Ukoka ni kama watumishi wa ofisini, Mzee. Hawaamki wote pamoja."

Mzee akacheka, maana watumishi aliwajua.

Miezi miwili ilipotimia, jirani akamwalika Mzee chai kwake, ghorofa ya tatu. Mzee akachungulia chini, kikombe kikamponyoka. Katikati ya ukoka mkavu, kwa kijani kibichi, yalisomeka maandishi: NYAMIZI ANAMWAGILIA. Chini yake namba ya simu.

Mzee akaipiga palepale kwa hasira.

"Karibu, mteja," ilijibu sauti ya Nyamizi. "Namba yetu umeiona wapi?"

"Kwenye ukoka wangu!"

"Kumbe unatangaza kweli, Mzee. Wewe ni wa ishirini leo."