Mikono Sitini ya Kushoto

Sogea karibu nikutegee kitendawili. Jua likiwaka ninaye, wingu likitanda simwoni. Ni nani huyo? Umesema kivuli, basi mji sikudai. Lakini mjukuu wangu, ungenijibu kuwa ni binadamu, nisingekukosoa. Wahenga walinena kwamba asiye na mtu ana Mungu. Hawakusema watu hawafai. Walimaanisha kwamba siku watu watakapopukutika kama majani makavu, yupo Mmoja ambaye hatasogea.

Palikuwa na mjane mmoja, mkataji katika karakana ya kushona nguo. Wenzake walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuwahi kupinda pindo likaenda upande. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na mkasi wake ndio uliolisha watoto wake wawili.

Desturi ya karakana ilikuwa moja: kila aina ya vipande ikishakatwa, inafungwa furushi kwa kitambaa kikuukuu, kisha juu inaandikwa kwa chaki. Jumamosi Mama Pindo alikata mashati sitini ya walinzi. Akafunga furushi la migongo, la vifua, la kola, la mikono ya kulia na la mikono ya kushoto. Akayapanga rafuni, akaenda zake.

Jumatatu mafundi walipoanza kuunga, mikono ya kushoto haikuwapo.

"Sijaelewa," alisema msimamizi, mtu mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni kama tai. "Haipo vipi?"

"Haipo tu," Mama Pindo alijibu, naye hakuelewa pia.

Msimamizi akamwamuru mpiga pasi afungue kila furushi. Mpiga pasi huyo alikuwa shoga yake Mama Pindo wa kufa na kuzikana. Akafungua moja baada ya jingine, akitaja: "Migongo. Kola. Vifua. Mikono ya kulia. Hizi foronya za nyumba ya wageni. Basi, rafu imekwisha."

"Nani aibe mikono ya kushoto mitupu?" fundi mmoja alicheka. "Akamvishe nani?"

Msimamizi hakucheka. "Hakuna aliyeiba mikono. Aliyeiba ameiba kitambaa. Hukuikata, Mama Pindo. Kitambaa umekwenda nacho nyumbani. Kesho saa tatu tajiri yuko hapa, na kazi utaiacha ukiwa na jina la mwizi. Una nani wewe wa kukusemea?"

Swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.  Moyoni alihesabu: anaye shoga yake, aliyekuwa akipiga pasi hatua tatu kutoka meza ya kukatia. Anaye shemeji yake pia, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye dereva wa tajiri.

Alianza na shoga yake. "Si uliniona nikikata, mwenzangu?"

Mpiga pasi akageuza shati lililokwisha kunyooka, akalinyoosha tena. "Nilikuona, dada. Lakini nikisema nilikuona ukikata, nitaulizwa mbona sikuona ikipotea. Nina watoto mimi."

"Hata mimi ninao."

"Ndiyo maana unanielewa," alisema, na kweli machozi yalimlenga.

Shemeji alikuwa na maneno matamu kama asali. "Shemeji, kalale unono. Mimi na tajiri tunakaa viti vya mbele pamoja kila siku. Nitamnong'oneza kabla hata hajashuka garini."

Mama Pindo alirudi nyumbani akiwa hajui kichwa wala miguu. Aliketi kwenye kigoda, akakata hewa kwa vidole: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Binti yake akamuuliza anafanya nini, akasema anakumbuka. Kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozidi kutokuwa na hakika. Je, alikata kweli? Mtu anaweza kukumbuka jambo ambalo hakulifanya? Ukishtakiwa kwa sauti kubwa, mjukuu wangu, hata wewe mwenyewe unaanza kujitilia shaka.

Asubuhi alimkuta shemeji akifuta kioo cha gari kilichokuwa safi tayari.

"Umemwambia?"

"Tajiri kaamka vibaya leo, shemeji. Hasemezeki." Akaendelea kufuta.

Hapo ndipo Mama Pindo alipoishiwa na watu. Aliingia katika chumba cha nyuzi, akafunga mlango, akapiga magoti katikati ya maboksi. Aliyekuwa na maneno mengi kwa watu, mbele ya Mungu aliyapata machache. "Mola wangu, sielewi. Hata la kuomba silijui. Wewe unajua ilipo. Mimi basi." Akajifuta uso, akaenda kwenye shauri lake peke yake.

Tajiri, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikuwa ameketi mezani. "Ulikata au hukukata?"

"Nilikata, mama. Ilikokwenda sijui, wala shahidi sina."

Mpiga pasi akainamia pasi yake. Shemeji, aliyesimama mlangoni na funguo za gari, akatazama viatu. Tajiri akavuta karatasi ili aandike barua ya kumfukuza.

Mara mlango ukasukumwa. Aliingia mtarizi wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye Mama Pindo hakuwa amepata hata kusalimiana naye, akiwa na furushi kichwani na hasira usoni.

"Jamani, nimefungua kazi yenu leo ndiyo nimechanganyikiwa," alisema akilitua mezani. "Mmeniagiza nitarizi maua kwenye foronya. Foronya gani hizi zina kwapa? Ziko wazi huku na huku. Mtu akilaza kichwa si kitatokea upande wa pili?"

 Tajiri akahesabu: mikono sitini, yote ya kushoto. Akageuka. "Nani alipeleka furushi hili?"

Msimamizi alimtazama dereva, na dereva akawa mdogo kama pipi iliyomung'unywa. "Jumamosi niliambiwa nipeleke furushi la foronya," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Chaki ilikuwa imefutika. Nikachukua la karibu."

Msimamizi akakumbuka kwamba foronya zilitajwa mbele yake rafuni, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza zipelekwe, na masikio yake yalisikia bila kichwa kuwapo.  Lakini bado jambo moja lilimtatiza.

"Mtarizi, nani alikuja kukuita saa hii?"

"Sikuitwa na mtu. Nilitaka kuja kesho. Nimejikuta tu nimeshalibeba."

Msimamizi akamgeukia Mama Pindo kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Tajiri akaichana ile karatasi vipande viwili.

Mama Pindo akaweka mkono juu ya furushi. "Jana uliniuliza nina nani," alimwambia msimamizi taratibu. "Jana sikuwa na jibu, nilikuwa bado nahesabu watu. Leo ninalo: asiye na mtu ana Mungu."