Jina la Kwenye Jiwe la Kisima

Hapo zamani, visima vilipochimbwa kwa sururu na nguvu za mikono, palikuwa na mjane aliyeitwa Mwanakheri. Mumewe, Kombo, alishuka kisimani siku yake ya tatu kazini, kuta zikamporomokea. Hakufundishwa lolote ila kushika sururu.

Mwanakheri hakulia mbele za watu. Kila Ijumaa alikwenda barazani kwa liwali, akauliza neno lilelile: "Nani alimfundisha mume wangu?" Akafukuzwa, akarudi. Akaonywa, akarudi. Mwaka wa pili liwali akawaita mafundi wakongwe, wakaandika mambo ambayo kila mchimbaji anapaswa kuyajua kabla ya kushuka. Liwali hakumlazimisha mtu. Alisema tu kwamba karakana ya wachimbaji itakayowafundisha watu wake hivyo, wakaguzi wake wakaridhika, itapewa muhuri wa serikali.

Wa kwanza kuuomba alikuwa Bwana Mbaruku, mwenye karakana ambayo Kombo alikufa akiifanyia kazi. Hakuficha sababu: wateja walikuwa wakimkimbia, na visima vya serikali wangepewa wenye muhuri. Mwanakheri aliposikia, chakula kilimshinda siku mbili.

Kazi ya kufundisha ikamwangukia msimamizi, Fundi Sengo. Yeye aliudharau muhuri, akisema ni makaratasi ya watu wasiojua udongo. Lakini alipoanza, hakuruka hata somo moja. Miezi minne alishuka na kila mchimbaji, akamwonyesha jinsi ya kukinga kuta kwa mbao, jinsi ya kuusikiliza udongo, na wakati wa kuvuta kamba ya hatari.

Wakaguzi wakaridhika, Mbaruku akapewa muhuri. Kisha, kwenye kisima kipya cha sokoni, udongo ukaanza kumeguka wachimbaji wake sita wakiwa chini. Mmoja aliusikia mapema, akavuta kamba. Mbao zikashikilia kitambo kidogo. Wote sita wakatoka hai.

Liwali akaamuru jina moja, moja tu, la aliyewaokoa hao sita, lichongwe kwenye jiwe la kisima kile.

Mbaruku akasema, "Sikulazimishwa na mtu. Ningekataa, leo tungekuwa tunazika watu sita."

Sengo akasema, "Muhuri ulikuwa umetundikwa ukutani. Mimi ndiye niliyeshuka chini na wachimbaji."

Liwali akamgeukia Mwanakheri. Mama wa watu akasogea karibu na jiwe.

"Hao sita sikuwajua," akasema. "Nilikuwa namlilia mmoja tu. Lakini nisingesimama barazani kila Ijumaa, msingekuwa na muhuri wowote."

Mchongaji ameshika patasi, anangoja. Nanyi mmewasikia wote watatu. Je, nani alistahili?