Kifaru Aliyeikana Nyumba Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na siri za kuficha nyuma yake, aliishi Bwana Kifaru na mkewe, Mashavu.

Kifaru alikuwa na nguvu na sauti. Mashavu alikuwa na mikono. Ndiye aliyekanda udongo na kusimamisha kuta. Ndiye aliyechimba kisima mpaka maji yakatoka, bubu-bubu-bubu! Mumewe alifyeka pori la shamba, basi, akarudi kivulini. Khorrr! Khorrr!

Asubuhi moja Kifaru akaamka amenuna.

"Mashavu, nimekuacha. Chukua mkeka wako, chukua na watoto wako."

"Watoto wangu peke yangu, Bwana?"

"Nyumba yangu, shamba langu, kisima changu. Toka!"

Mlango ukafungwa, paa!

Mashavu akahamia chini ya jabali na wanawe wawili. Hakumwambia mtu. Akikutana na Pundamilia njiani, hujifanya anatafuta kuni. Akisikia ngoma ya harusi, huzunguka njia nyingine, asije akaulizwa, "Bwana hajambo?"

Siku moja Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu na macho yasiyotulia, akamkuta akiokota maganda ya mihogo nje ya ua wa Ngiri. Mashavu, na mwili wake wote ule, akajaribu kujificha. Kichaka kikamfunika pua tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi... napita tu."

"Na maganda hayo?"

Machozi yakamtoka. "Ya watoto. Baba yao katufukuza. Usimwambie mtu, nakuomba."

"Nenda barazani, mama. Sheria ya msitu ipo: mali waliyochuma wawili ni ya wawili. Na mtoto hapewi talaka. Baba yake atamlisha vilevile."

"Nisimame mbele ya wanyama wote niseme nimeachwa? Bora jabali liniangukie!"

"Wewe simama tu. Ulimi wako ukiwa mzito, wangu mwepesi."

Basi akaenda, macho chini, watoto nyuma yake. Mwamuzi alikuwa Bibi Tembo. Nguchiro akamdokezea shauri la nyumba, naye akasema baraza lote liende likaione hiyo nyumba. Wakaenda, wakajaa uani.

"Haya, Mashavu, sema," akaambiwa.

Mashavu akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kwi kwi kwi!" Fisi akacheka.

Kifaru akapiga mguu chini, tii! "Atasema nini? Nyumba nimejenga mimi! Kisima nimechimba mimi! Huyu alikuwa anakula na kulala."

Nguchiro akaizunguka nyumba mbio, chapu chapu. Akanusa ukuta, akachungulia kisima, kisha akajishika kichwa.

"Salale! Bibi Tembo, anayejenga juu ya njia ya tembo hufanywaje?"

"Hufukuzwa msituni, asirudi tena."

"Na anayechimba shimo katika njia hiyo?"

"Ni hivyo hivyo."

Nguchiro akamgeukia Kifaru kwa huruma. "Pole sana, Bwana. Hivi kuta zote hizi ni wewe?"

Kifaru akaanza kutoka jasho. "Kuta? Mimi? Sijawahi kugusa udongo! Aliyekanda ni Mashavu!"

"Na kisima?"

"Yeye! Mimi nilikuwa nimelala, haki ya Mungu! Kila kitu ni yeye. Mfukuzeni yeye!"

Hata Fisi akaacha kucheka.

"Njia ya tembo iko kule bondeni," Nguchiro akasema taratibu. "Bibi Tembo huipita kila siku. Mimi nimeuliza tu, nijue."

Kifaru akatazama huku na huku. Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka. Wanawe walikuwa wamesimama palepale, wakimtazama. Walikuwa wamesikia: *mfukuzeni yeye*.

"Mashavu," akauliza Bibi Tembo, "ni kweli aliyoyasema?"

Mashavu akainua macho. Safari hii sauti ikatoka. "Ni kweli. Ila pori la shamba alilifyeka yeye. Sitamnyima alichokifanya."

Neno hilo likamchoma Kifaru kuliko mkuki.

"Basi nyumba na kisima ni vya Mashavu," akaamua Bibi Tembo. "Shamba mtagawana nusu kwa nusu. Na chakula cha watoto utakileta wewe, Kifaru, kila mavuno, mpaka wakue."

Kifaru akaondoka kwa kupita nyuma ya ua, kichwa chini.

Mavuno yalipofika, alikuja na tenga la mihogo. Akalitua nje, akageuka haraka aende zake.

"Usitue chakula kama mwizi," Mashavu akamwita. "Ingia, wanao wakuone."

Akaingia. Akawekewa kiti, hakukikalia. Alikaa sakafuni, karibu na mlango, na watoto walipomwambia, "Karibu tule, baba," alishindwa kuinua mkono.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: aibu ni ya anayedhulumu, si ya anayedai haki yake.